Tairi la Lami kwa Pikapu ya Kila Siku: Kinga ya Ajali Inayoanzia Chini ya Gari

Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma hupita katikati ya Nyakato. Juu ya lami hiyohiyo hukutana malori ya viwandani, daladala, bodaboda, baiskeli, wanafunzi wanaovuka na akina mama wenye bidhaa kichwani. Pikapu ni miongoni mwa magari yanayoonekana zaidi hapo. Hubeba saruji, samaki, mazao na mafundi. Hubeba pia majokofu ya chanjo, watumishi wa kliniki ya mkoba na, mara nyingi usiku, mgonjwa ambaye ndugu zake hawakupata usafiri mwingine.

Matairi ya pikapu yanapokwisha, mwenye gari huuliza bei, kisha hutazama sura. Tairi lenye meno makubwa na ubavu mnene huonekana imara, na lile lenye mifereji midogo huonekana la kinyonge. Hukumu hiyo ya macho huweza kuwa na gharama kubwa. Kwa gari linalotembea kwenye lami siku nyingi za mwaka, tairi lililotengenezwa kwa ajili ya lami ndilo lenye kinga bora zaidi, hasa mvua inaponyesha. Makala haya yanaeleza sababu zake, namna ya kulichagua tairi hilo, na mambo yanayoweza kuliharibia kazi hata kama limechaguliwa vizuri.

Tairi kama suala la afya

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kutokana na ajali za barabarani. Majeraha hayo ndiyo sababu kuu ya vifo vya watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni watu wasio na bati la gari la kuwakinga: watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Kwa hiyo tairi la pikapu halimlindi dereva peke yake. Linamlinda pia mtu aliye mbele ya gari hilo, ambaye hakushiriki kulichagua.

Daktari Mmarekani William Haddon, aliyeongoza chombo cha kwanza cha usalama barabarani cha serikali ya nchi yake katika miaka ya 1960, alifundisha kuligawa tukio la jeraha katika vipindi vitatu: kabla ya ajali, wakati wa ajali na baada ya ajali. Hospitali hufanya kazi katika kipindi cha tatu. Mkanda wa kiti na kofia ngumu hufanya kazi katika kipindi cha pili. Tairi ni kinga ya kipindi cha kwanza, kwa kuwa huweza kufanya ajali isitokee kabisa. Mtaalamu wa afya anayejua thamani ya chanjo ataielewa hoja hii kwa urahisi.

Kazi inayofanywa na eneo dogo sana

Gari zima hugusa ardhi kwa sehemu nne tu, na kila moja ina ukubwa unaokaribiana na kiganja cha mkono wa mtu mzima. Breki, usukani na injini haviwezi kufanya lolote ambalo sehemu hizo nne haziwezi kulipitisha kwenye barabara. Breki nzuri husimamisha gurudumu. Ni tairi linalosimamisha gari.

Hesabu rahisi ya fizikia huonyesha uzito wa jambo hili. Pikapu iendayo kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 katika sekunde moja ambayo dereva huitumia kuona hatari na kukanyaga breki. Baada ya hapo, ikiwa tairi linashika barabara vizuri, kwa kipeo cha msuguano cha 0.7, gari husimama ndani ya mita 36 hivi. Ikiwa mshiko umeshuka hadi 0.4, kama inavyoweza kutokea kwa tairi lisilofaa au lililochakaa kwenye lami iliyolowa, gari huhitaji mita 63.

Tofauti ya mita 27 huenda isitishe sana kwenye karatasi. Lakini pale ambapo gari la kwanza limekwisha kusimama, gari la pili bado linakwenda kwa takriban kilomita 52 kwa saa. Huo ni mwendo unaoweza kumuua mtembea kwa miguu. Madereva wawili, mwendo mmoja, hatari moja, na kila mmoja amekanyaga breki kwa wakati uleule: mmoja hupata mshtuko wa moyo kwenda mbio, mwingine hupeleka mtu chumba cha dharura.

Aina tatu za tairi la pikapu

Matairi ya pikapu yanayouzwa madukani yanaweza kugawanywa katika makundi matatu.

La kwanza ni tairi la lami, ambalo ubavuni au kwenye jina lake huwa na herufi H/T. Uso wake una kashata zilizokaribiana, mifereji ya kuzunguka inayotoa maji, na mikato midogo mingi inayosaidia mpira kushika lami iliyolowa. Kwa kuwa sehemu kubwa ya mpira hugusa barabara, breki huwa na nguvu zaidi, usukani hujibu vizuri, mlio huwa mdogo na mafuta hutumika kidogo zaidi. Udhaifu wake huonekana kwenye matope mazito, ambapo mifereji hujaa udongo mara moja, na kwenye mawe makali, kwa kuwa ubavu wake kwa kawaida si mgumu kama wa matairi ya porini.

La pili ni tairi mseto, lenye herufi A/T. Kashata zake ni kubwa kidogo na nafasi kati yake ni pana. Hufaa kwa gari linalogawa safari zake kati ya lami na barabara za changarawe au udongo. Faida hiyo hulipiwa: kwa kawaida tairi hili ni zito zaidi, lina mlio zaidi, na umbali wake wa kusimama kwenye lami iliyolowa mara nyingi ni mrefu kuliko wa tairi zuri la lami.

La tatu ni tairi la matope, lenye herufi M/T. Meno yake makubwa huchimba udongo na kujisafisha yanapozunguka. Kwenye lami, meno hayohayo huacha mianya mingi isiyogusa barabara. Mshiko hupungua, gari huyumba kidogo kwenye kona, na mlio wake huchosha masikio na akili ya dereva katika safari ndefu. Tairi hili ni chombo cha kazi maalumu. Kulifunga kwenye pikapu inayokwenda sokoni na kazini kila siku ni sawa na kumpa mgonjwa dawa kali ya ugonjwa asiokuwa nao: madhara yake atayapata, faida yake hataiona.

Kuchagua kwa kuhesabu safari

Kosa linalowapata wengi ni kuchagua tairi kwa kuikumbuka safari mbaya kuliko zote. Dereva aliyekwama mara moja kwenye tope la mbuga hulikumbuka tope hilo miaka mingi, na hununua tairi kwa ajili yake, huku akisahau mamia ya siku alizopita kwenye lami bila tatizo. Njia bora ni kutazama kitabu cha safari cha gari, au kuandika safari za wiki mbili, kisha kujumlisha kilomita za lami na kilomita za udongo.

Pikapu inayozunguka Nyakato, Buzuruga, Igoma, mjini na Bugando, au inayokwenda Musoma na Shinyanga kwa barabara kuu, hutumia karibu kilomita zake zote kwenye lami. Vipande vifupi vya njia za mtaani zenye mawe, ambavyo vipo vingi katika mji huu wa vilima na majabali, hupitwa kwa mwendo mdogo, na tairi la lami huvimudu dereva akiwa mwangalifu. Kwa gari la namna hii jibu ni tairi la lami.

Pikapu inayotoka Nyakato kwa lami hadi Magu, kisha ikaingia vijijini kwa kliniki ya mkoba mara kadhaa kwa wiki, ina hesabu nyingine. Udongo mweusi wa mbuga za Usukumani hunata na kuteleza mno wakati wa mvua. Ikiwa sehemu kubwa ya safari zake ni ya namna hiyo, tairi mseto ni chaguo la busara, na dereva anapaswa kujua kwamba akirudi kwenye lami iliyolowa atahitaji mwendo mdogo na nafasi kubwa zaidi mbele yake. Ikiwa safari hizo ni mbili au tatu tu kwa msimu, ni afadhali kubaki na tairi la lami na kuipanga siku ya safari kwa kuzingatia mvua, kuliko kuendesha mwaka mzima kwa tairi la siku tatu.

Mtandao wa barabara nao hubadilika, na uchaguzi wa tairi unapaswa kubadilika pamoja nao. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa mwezi Juni 2025. Safari ya Mwanza kwenda Sengerema na Geita, ambayo zamani ilikatizwa na foleni ya kivuko, sasa huendeshwa moja kwa moja. Safari isiyo na kituo huongeza muda wa mwendo kasi usiokatizwa, na kwa hiyo joto ndani ya tairi. Gari lililozoea safari fupi linapoingizwa katika safari za namna hii linastahili kukaguliwa matairi upya.

Kusoma ubavu wa tairi

Kila tairi hubeba maelezo yake ubavuni, kama chupa ya dawa inavyobeba lebo. Mfano wa maandishi hayo, unaopatikana kwenye pikapu nyingi za kisasa, ni 265/65R17 112S.

Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 inaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. Herufi R inaeleza mpangilio wa nyuzi za ndani uitwao radiali, ambao ndio wa kawaida siku hizi. Namba 17 ni kipenyo cha ringi kwa inchi.

Namba 112 ni alama ya uzito. Si kilo 112. Ni namba ya jedwali la kimataifa, na maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba hadi kilo 1,120 likiwa na upepo unaostahili. Alama 100 ni kilo 800, na alama 116 ni kilo 1,250. Herufi S ni mwendo wa juu ambao tairi limethibitishwa kuuhimili, yaani kilomita 180 kwa saa. Q ni 160, T ni 190, H ni 210. Herufi hiyo haimpi dereva ruhusa ya kwenda kasi. Inaonyesha kiasi cha joto ambacho tairi linaweza kulivumilia.

Baadhi ya matairi huwa na herufi LT mwanzoni au C mwishoni. Hizi huonyesha tairi lililoimarishwa kwa ajili ya gari la mizigo. Pikapu inayobeba mizigo mizito mara kwa mara huhitaji tairi la aina hiyo, pamoja na upepo mwingi zaidi unaoendana nalo. Pikapu ambayo aghalabu hubeba watu wachache na vifaa vyepesi huweza kuendeshwa kwa tairi la kawaida, ilimradi alama yake ya uzito isiwe chini ya ile iliyoelekezwa na mtengenezaji wa gari. Maelekezo hayo hupatikana kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva na katika kitabu cha gari. Kibandiko hicho kiaminiwe kuliko kauli ya muuzaji.

Umri wa tairi na hatari ya mitumba

Dawa ina tarehe ya kwisha. Tairi lina tarehe ya kuzaliwa. Ubavuni, baada ya herufi DOT, mwishoni mwa mfululizo wa alama, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Maandishi 2319 yanamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarehe hiyo huwa upande mmoja tu wa tairi, hivyo mnunuzi asipoiona upande wa nje aombe tairi ligeuzwe.

Mpira huzeeka hata usipotumika. Jua, joto na hewa huufanya uwe mgumu na kuleta nyufa ndogo. Watengenezaji wengi wa matairi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kufikisha miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama mifereji yake bado ni mirefu. Baadhi ya watengenezaji wa magari hushauri libadilishwe baada ya miaka 6. Sheria hii inalihusu pia tairi la akiba, ambalo husahauliwa chini ya pikapu miaka mingi na kufungwa siku ya dharura.

Kina cha mifereji nacho kinapimika. Ndani ya mifereji mikuu kuna vijinundu vya mpira. Uso wa tairi ukilingana navyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha. Lakini uwezo wa kutoa maji huanza kushuka mapema zaidi. Kwa kipindi cha mvua za vuli na masika ni vyema kuanza kutafuta tairi jipya kina kinapofika milimita 3. Rula ndogo ya mwanafunzi hutosha kwa kipimo hicho.

Kwa sababu hizi, tairi la mtumba huwa na hatari mbili kwa pamoja: limekwisha kuliwa na huenda limezeeka. Aidha, haijulikani liliwahi kuendeshwa bila upepo wa kutosha au kugonga nini; jeraha la ndani halionekani kwa nje, kama ilivyo kwa mgonjwa aliyeanguka. Hesabu ya gharama nayo mara nyingi hailipendelei. Chukua mfano wa tairi jipya la shilingi 400,000 linalodumu kilomita 60,000, na la mtumba la shilingi 200,000 linalodumu kilomita 20,000. La kwanza hugharimu chini ya shilingi 7 kwa kilomita, la pili shilingi 10. Anayelazimika kununua mtumba asome tarehe, apime kina, na alikatae tairi lenye kiraka ubavuni, uvimbe au nyufa.

Upepo, mzigo na mvua

Tairi bora lenye upepo mdogo ni tairi baya. Ubavu wake hujikunja na kujikunjua kila gurudumu linapozunguka, na kujikunja huko huzalisha joto. Gari likiongezewa mzigo na mwendo, joto hupanda hadi tabaka za ndani kuanza kuachana. Tairi likipasuka saa sita mchana kwenye mwendo wa kasi, watu husema limepasuka ghafla. Kwa kweli lilianza kuumia saa au siku kadhaa kabla.

Wapo madereva wanaopunguza upepo ili mgonjwa asirushwerushwe njiani. Nia yao ni njema, hasa pikapu inapokuwa tupu na springi zake za nyuma ni ngumu. Hata hivyo, faraja hiyo ndogo hununuliwa kwa hatari kubwa. Mgonjwa mwenye mfupa uliovunjika husaidiwa zaidi na kifaa cha kuufunga mfupa huo usicheze, godoro imara, mwendo mdogo na dereva anayeyaona mashimo mapema. Mtengenezaji wa gari huweza kutoa viwango viwili vya upepo, kimoja cha gari tupu na kingine cha gari lenye mzigo. Dereva afuate kinachostahili siku hiyo.

Upepo upimwe walau mara moja kila wiki mbili na kabla ya kila safari ndefu, tairi likiwa baridi, yaani gari likiwa limepumzika saa tatu au halijatembea zaidi ya kilomita mbili. Tairi lililotembea huonyesha kipimo kikubwa kwa sababu ya joto. Kulipunguza upepo wakati huo ni kosa, kwa kuwa likipoa litabaki na upepo pungufu. Kupima kwa kupiga teke hakupimi chochote.

Upepo huhusika pia na mvua. Maji yakiwa mengi barabarani na gari likienda kasi, tairi huweza kupanda juu ya maji na kuacha kugusa lami. Usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazina kazi. Watafiti wa NASA waliochunguza magurudumu ya ndege katika miaka ya 1960 walionyesha kuwa mwendo wa kuanza kuelea hutegemea upepo wa tairi. Kwa kanuni yao, upepo wa psi 35 hulingana na mwendo wa takriban kilomita 98 kwa saa, na upepo wa psi 25 hulingana na kilomita 83. Mifereji mizuri husaidia kuyatoa maji, mifereji iliyokwisha haisaidii. Dereva anayehisi gari linaelea aondoe mguu kwenye mafuta taratibu, ashike usukani sawasawa, asikanyage breki kwa nguvu.

Matairi mapya mawili yafungwe wapi?

Fedha zikitosha matairi mawili tu, wengi huyafunga mbele, kwa kuwa ndiko usukani uliko. Ushauri wa watengenezaji wa matairi ni kinyume chake: yaliyo bora yakae nyuma. Tairi za mbele zikiteleza, gari huelekea kwenda moja kwa moja na dereva hulihisi mapema; za nyuma zikiteleza, gari huzunguka na madereva wengi hawawezi kulirudisha. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma, na kwa hiyo ushauri huu unaihusu zaidi kuliko magari mengine.

Matairi ya ekseli moja yawe ya aina moja, saizi moja na uchakavu unaokaribiana. Kuchanganya tairi la lami upande mmoja na la matope upande wa pili hulifanya gari livute upande wakati wa breki. Kwa gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, tofauti ya vipenyo huweza pia kuharibu mitambo. Kuyabadilishana nafasi kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000, pamoja na kurekebisha alaimenti na balansi, huyafanya yaliwe sawasawa na kudumu.

Wajibu wa kituo cha afya na wa familia

Katika kituo cha afya, Mganga Mfawidhi anaweza kuliweka suala hili katika utaratibu bila gharama kubwa. Gari liwe na geji ya upepo, jeki inayofanya kazi, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari na tairi la akiba lenye upepo. Kitabu cha safari kiwe na safu ya kuandika upepo na kina cha mifereji, na dereva apewe mamlaka ya kukataa safari gari lisipofaa. Dereva anayelazimishwa kutoka na tairi lililokwisha kwa sababu ya dharura huweza kuongeza idadi ya wagonjwa badala ya kuipunguza. Maombi ya kununua matairi yaandikwe kabla ya msimu wa mvua, yakitaja saizi kamili, alama ya uzito, aina ya tairi na sharti la tarehe ya kutengenezwa, ili ununuzi usiongozwe na bei peke yake.

Familia inayokodi pikapu kumpeleka mgonjwa hospitalini haina muda wa kukagua kila kitu. Yapo mambo matatu yanayowezekana ndani ya dakika moja kwa taa ya simu: kutazama kama tairi lolote limekuwa kipara, kutazama kama lipo lililobonyea, na kuuliza kama kuna tairi la akiba. Mgonjwa anayeweza kukaa akae ndani, afunge mkanda. Mjamzito naye afunge mkanda, sehemu ya chini ikipita chini ya tumbo na ya juu ikipita kati ya matiti. Ndugu wachache iwezekanavyo wasindikize, kwa kuwa wanaokaa nyuma kwenye bodi hurushwa nje gari linapopinduka. Na dereva aambiwe waziwazi kwamba familia inataka kufika, haitaki kukimbizwa.

Tairi likipasuka njiani, dereva ashike usukani kwa mikono miwili, aache gari lipungue mwendo lenyewe, asikanyage breki ghafla, kisha atoke pembeni mwa barabara na kuweka pembetatu mbali nyuma ya gari. Abiria wanaoweza kutembea wasogee mbali na lami.

Muhtasari kwa msomaji

Pikapu inayotembea kwenye lami siku nyingi ifungwe tairi la lami lenye saizi na alama ya uzito zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango. Tairi mseto liachiwe gari lenye safari nyingi za udongo, na la matope liachiwe gari linalofanya kazi matopeni. Tarehe isomwe kabla ya kulipa. Upepo upimwe tairi likiwa baridi. Kina kikifika milimita 3, tairi jipya litafutwe, kikifika 1.6, gari lisitoke. Matairi bora yakae nyuma.

Hatua hizi hazihitaji utaalamu mkubwa, na nyingi hazihitaji fedha. Geji ya upepo, rula, kalamu na dakika kumi za asubuhi hutosha kabla gari halijaingia barabara kuu.